Kabla voisi ya shemeji haijawafikia

Najua imeshafika hata kwenye magrupu ambayo mimi mwenyewe simo. Ile ya "nimeliona sanamu la Askari la mjini Dar limehamia Goba". Haya, sasa msikilizeni mwenye zege.

Ijumaa, slabu ya nyumba yangu, zege kyubiki (mita za ujazo) 14, la kupandishwa kwa pampu. Fundi alishasema mapema: "Bosi, pampu ya mkono mrefu haifai hapa. Njia nyembamba, haitapata pa kutanulia miguu, na nyaya za umeme zile pale. Tukodi ya kuvutwa, yenye bomba la inchi tano." Nikaulizia bei, nikashika moyo. Halafu nikaona tangazo: pampu ya zege, bei ya kutupa, inavutwa na pikapu. Mpira wa inchi mbili. Nikajiambia si zege litapita tu, polepole. (Msinitukane bado, subirini.)

Mwenye pampu aliniuliza kwenye simu, "Kokoto zenu saizi gani?" Nikamjibu kama mtu anayejua: "Za kawaida."

Za kawaida ni robo tatu ya inchi, yaani kama milimita 20. Juzi ndiyo naambiwa kokoto isizidi theluthi ya upana wa mpira. Inchi mbili ni kama milimita 50. Pigeni hesabu nyie, yangu imeshapigwa hadharani.

Wakaanza na uji wa saruji, wa kulainisha mpira. Ukapita kama maziwa! Nikawageukia mafundi, mkono kiunoni, kanzu nyeupe ya kwendea msikitini inapepea: "Mliniona mjinga, eeh?" Shemeji anarekodi. Nilimwomba mwenyewe.

Likafunguliwa zege. Mpira ukakohoa mara mbili, ukakakamaa kama chatu aliyemeza mbuzi. Injini ikaanza kuguna. Juu, kimya. Dereva wa gari la zege akatazama saa. Nami, badala ya kutulia kama mwenye nyumba, nikaufuata mpira nikiugongagonga, ngo, ngo, hadi kwenye klampu, kile kibano cha kuungia mpira. Hapo ukalia kizito. "Ni hapa," nikatangaza, nikashika klampu. Opereta akapiga ukelele: "Bosi usiguse, niirudishe nyuma kwanza..."

Hilo "usiguse" nililisikia. Lilikuta klampu imeshafunguka.

Tukaangaliana, mimi na mdomo wa mpira. Kwanza ukatoa pumzi: fyuu. Nikasema moyoni, kumbe upepo tu. Kisha likaja lote. Kifua. Kidevu. Kofia ikaondoka. Macho niliwahi kuyafumba. Mdomo sikuwahi, maana ulikuwa katikati ya kusema "si niliwaambia". Halafu kokoto moja ikaanza kuteremka ndani ya kanzu, taratibu, haina haraka, ikapita kitovu, ikaendelea na safari zake.

Nafumbua macho, mbele yangu mama mkwe na hotipoti ya pilau ya mafundi.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. Akamgeukia fundi: "Mkwe wangu yuko wapi?"

Mengine mnayajua. Ndoo, vijana wa kijiweni, pampu ya inchi tano ikaja alasiri kwa bei ile ile niliyoikimbia na nusu yake juu. Swala ya Ijumaa ikanipita. Kanzu ipo uani, imesimama yenyewe.

Jana mwenye pampu kanitumia ujumbe: "Bosi, ile mashine yangu ni ya lipu. Mkifika kwenye lipu nitafute."

Nimemjibu sawa.