Bi mkubwa wa ghorofa ya pili

Tarehe 9 Novemba nimetoka zamu ya usiku, miguu imevimba, namkuta bi mkubwa wa ghorofa ya pili kapiga magoti mlangoni kwetu hapa Berlin. Nikadhani kaanguka. Kumbe anasugua vile vijiwe vya shaba vilivyopachikwa njiani: "Hapa aliishi", jina, mwaka wa kuzaliwa, siku waliyochukuliwa, Auschwitz, kambi ya Wanazi ya kuulia Wayahudi. Baba, mama, watoto wawili. Akanipa kitambaa bila hata kuniuliza. Nikachutama, nikasugua.

Nikamkumbuka Margot Friedländer, Myahudi wa hapa. Mwaka 1943 mdogo wake wa kiume alikamatwa hapa Berlin, mama yao akajisalimisha ili asimwache peke yake. Margot akaachiwa shanga za kaharabu, kijitabu cha anwani na usia: jaribu kuyajenga maisha yako. Mama na mdogo wake waliuawa Auschwitz. Yeye akajificha miezi 15, akakamatwa, akatoka hai kambi ya Theresienstadt. Akahamia New York. Akarudi kuishi huku ana miaka 88, akawa anaingia madarasani kuwasimulia watoto, mpaka alipofariki Mei 2025 na miaka yake 103.

Bibi yangu mimi kaondoka na 1964 yake, ile ya Mapinduzi ya Zanzibar, kifuani. Tukimuuliza babu alikwenda wapi: "Kuleni, wali unapoa." Na leo thubutu kuuliza barazani. Hujamaliza sentensi ushaulizwa, wewe wa upande gani?

Najua mtasema kashiba viazi vya Wajerumani, sasa anatufundisha kulia. Yakhe, mimi sijasema hawa malaika. Sinagogi hapa mpaka leo linalindwa na polisi. Mwengine atasema wanakumbuka kwa sababu walishindwa vita. Sawa. Sisi tunanyamaza kwa sababu tulishinda? Alishinda nani, hebu nitajie.

Kinachoniuma ni hiki: Mohamed Bayume Hussein, mzaliwa wa Dar es Salaam, msaidizi wa kufundisha Kiswahili chuoni hapa, alifia kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Ana kijiwe chake Berlin, jina lake linasomeka. Babu yangu hana hata kaburi la kusomewa Fatiha, naye kapotelea kwao, kwa watu wanaomjua mpaka jina la utani.

Jana nimempigia shangazi nimuulize jina kamili la babu, la kwake na la baba yake. Kasema nisubiri mpaka nije, mambo hayo si ya kwenye simu.