Mpangaji Asiyelipa Kodi

Laptopu ya shangazi yangu ilikuwa na diski ya GB 500, na kila ukiifungua inalia haina nafasi. Mnaojua kompyuta mmeshaanza kucheka. Fundi aliyemwekea Windows aliikata diski vipande viwili: C akaipa GB 60, D akaipa 405, akachukua chake akaenda zake. Shangazi naye, mtu wa Ngamiani asiyekosa harusi Tanga nzima, kila video anayotumiwa anaiweka pale pale mbele ya macho, deskitopu, yaani ndani ya C. D ilikuwa tupu kabisa.

Kabla sijagusa kitu akanipigisha hesabu.

"Sitini na mia nne na tano, hiyo mia nne sitini na tano. Mimi nilinunua mia tano. Thelathini na tano kala nani?"

Nikamweleza kwamba kiwandani wanahesabu kwa elfu elfu, Windows inahesabu kwa 1,024, kwa hiyo diski ya 500 husomeka kama 465 popote uendako. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo dunia nzima inaibiwa, na imenyamaza."

Tukaendelea. Video zote nikazihamishia kwenye diski ya nje. Nikafuta mafaili ya muda, nikazima ile hali ya kompyuta kulala usingizi mzito, maana nayo huweka faili kubwa ndani ya C. Kisha nikaifuta D ili eneo lake lote apewe C. Nikabonyeza C kitufe cha kulia, natafuta pa kuongezea nafasi: pamepauka, hapabonyezeki.

Ndipo nilipomwona. Windows huipa C eneo lililo wazi endapo tu limepakana nayo ubavuni, upande wa kulia. Na hapo ubavuni, kati ya C na eneo letu jipya, alikuwa amejibana Rikavari: kipande cha MB mia tano na kitu, chenye vifaa vya kuitengeneza Windows ikianguka.

Shangazi ana nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, na wapangaji anaowajua mpaka siku wanayopokea mshahara. Nikaona nimweleze kwa lugha ya nyumba.

"Shangazi, tunataka kubomoa ukuta tuunganishe vyumba viwili, ila katikati kuna chumba kina mtu."

"Nani kampangisha?"

"Kaja na Windows."

"Analipa?"

"Halipi."

"Na unanitazama! Mtoe!"

Kumtoa inawezekana, ipo amri ya kumfuta kwa nguvu. Nikasema hapana, huyu ndiye tutakayemlilia siku ya matatizo, afadhali tumsogeze. Nikaweka programu ya kuhamisha patisheni, yaani hivyo vipande vya diski. Ikajizima na kuwaka upya, ikaleta skrini yake nyeusi yenye asilimia na onyo kwamba umeme usikatwe. Diski yenyewe ya zamani, ile ya kuzunguka, inakoroma. Na betri ya ile laptopu ilishakufa, inaishi kwa chaja tu. Kwa hiyo nikaandika karatasi, USICHOMOE CHAJA, nikaibandika kwa selotepu juu ya chaja, nikatoka kwenda kuswali.

Narudi, ukumbi unanukia udi na kanga iliyopigwa pasi. Laptopu imezima.

"Shangazi, nani kachomoa?"

"Chaja sijaigusa mimi," akasema, pasi ikiwa mkononi. "Karatasi nimeisoma. Iangalie, chaja yako iko palepale ulipoiweka."

Nikaangalia. Kweli, chaja ilikuwa imechomekwa vizuri kwenye ekstensheni, karatasi yake juu. Ekstensheni ndiyo iliyokuwa imelala sakafuni, na ukutani imechomekwa pasi.

Unamjibu nini mtu wa hivyo? Nikawasha. Ikaja skrini ya buluu kusema kompyuta inahitaji matengenezo, na vifaa vya matengenezo havionekani. Bila shaka havionekani! Fundi wa zamu, Rikavari mwenyewe, alikuwa amekatwa katikati ya kuhama, godoro liko njiani.

Nikaenda kwa kijana mmoja Chuda mwenye flashi ya GB 8 yenye Windows. Nikafuta vipande vyote, diski ikabaki uwanja, nikaiambia Windows ijipange yenyewe. Safari hii nilikaa juu ya ekstensheni. Sitanii, niliikalia. Shangazi akapita mara mbili na kanga mkononi, ananiangalia, anaguna.

Ilipowaka, C imepanuka, GB mia nne na zaidi, video zikarudi. Nikamfungulia ile picha ya vipande aone mwenyewe. Akavaa miwani, akaikaribia skrini, kidole kikatembea kutoka C kwenda kulia mpaka mwisho kabisa, kikasimama.

"Na huyu?"

"Ndiye yule yule, shangazi. Windows ikiingia inamtengea chumba."

"Kodi?"

"Halipi."

Akavuta pumzi. "Lakini huku si ndiyo uani?"

"Ni uani."

"Basi akae. Ila zamu ya choo, na yeye imo."