Orodha ya mila au maswali manane?

Mafunzo ya kumhudumia mgonjwa kwa kuheshimu utamaduni wake huandaliwa kwa namna mbili zinazovutana. Ya kwanza humkabidhi mhudumu orodha: wa dini hii hawapokei damu, wa jamii ile hawamkazii daktari macho, wa huku mwanamke hupimwa na mwanamke mwenzake. Ya pili huiweka orodha kando na kumfundisha kuuliza. Mvutano huu ulipata jina mwaka 1998, madaktari wawili wa Marekani, Melanie Tervalon na Jann Murray-García, walipopendekeza "unyenyekevu wa kitamaduni" mahali pa "umahiri wa kitamaduni". Walisema utamaduni wa watu si somo la kulimaliza kwa mtihani, na mhudumu anapaswa kuanza kwa kujikagua mwenyewe. Nyuzilandi ilikuwa imetangulia. Kwa msukumo wa muuguzi wa Kimaori, yaani wa wenyeji wa asili wa nchi hiyo, Irihapeti Ramsden, Baraza la Wauguzi la huko liliingiza "usalama wa kitamaduni" katika masharti ya mtaala mwaka 1992. Kwa kipimo hicho, anayeamua kama huduma ilikuwa salama ni mgonjwa, wala si aliyeitoa.

Ubaya wa orodha unajulikana. Mwaka 2017 kampuni ya uchapishaji ya Pearson ililazimika kuondoa sehemu ya kitabu cha uuguzi iliyoeleza jinsi Wayahudi, Waislamu, Waasia na wengine wanavyoyachukulia maumivu, kana kwamba kila kundi lina mwili mmoja na kilio kimoja. Haya hayaishii vitabuni. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia wa 2016 ulikuta kwamba karibu nusu ya wanafunzi wa udaktari na madaktari weupe walio mafunzoni walikubali angalau dai moja la uongo kuhusu mwili wa mtu mweusi, kama vile kuwa na ngozi nene zaidi. Waliokubali madai hayo ndio waliokuwa wepesi kuyaona maumivu ya mgonjwa mweusi kuwa madogo. Anayefundishwa kwamba "hawa huvumilia" atachelewa kutoa dawa ya maumivu, na mgonjwa hatajua kwa nini.

Pamoja na hayo, wanaotaka orodha itupwe yote wanakosea. Yapo mambo ambayo swali halitayafichua, kwa sababu mgonjwa mwenyewe hayajui. Kipima oksijeni cha kidoleni ni mfano: utafiti wa Marekani wa 2020 ulionyesha kwamba kifaa kiliposoma asilimia 92 hadi 96, karibu wagonjwa 12 weusi katika kila 100 walikuwa na oksijeni iliyo chini ya asilimia 88 katika damu ya mshipa wa ateri, wakati kwa weupe walikuwa karibu 4. Kidonda cha kulalia katika hatua ya kwanza huelezwa kuwa ni wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Muuguzi inambidi aguse, alinganishe joto na ugumu wa sehemu hiyo na ngozi ya jirani, tena penye mwanga wa kutosha. Manjano itafutwe kwenye weupe wa jicho. Ubuluu wa kukosa oksijeni kwenye fizi na chini ya ulimi. Mambo haya hukaririwa na kupimwa kwa mtihani, na hapo mtihani una haki yake.

Kuna pia mambo yanayohitaji maandalizi. Mgonjwa wa kisukari anayekusudia kufunga Ramadhani anapaswa kupangiwa dozi wiki 6 hadi 8 kabla, kwa hiyo mhudumu asiyeijua kalenda hiyo atauliza akiwa amechelewa. Mashahidi wa Yehova hukataa damu nzima, chembe nyekundu, chembe nyeupe, chembe sahani na plazma, lakini albumini na vigandisha damu, ambavyo ni sehemu ndogo zinazotolewa kwenye plazma, huachiwa dhamiri ya kila mmoja. Tazama orodha hiyo inavyoishia: kwenye swali, tena liulizwe kabla ya upasuaji, mgonjwa akiwa peke yake. Hapo ndipo tunapoona suluhu. Orodha inafaa inapomwambia mhudumu aulize nini na lini. Inapomjibia mgonjwa, imeharibika.

Maswali yenyewe si mapya. Mwaka 1978 daktari wa akili wa Marekani, Arthur Kleinman, na wenzake walipendekeza maswali ambayo leo hufundishwa kama manane, miongoni mwake: tatizo hili unaliitaje, unadhani limesababishwa na nini, kwa nini lilianza wakati huo, unaogopa nini zaidi. Mwongozo wa kuainisha magonjwa ya akili wa Marekani uliotoka 2013 una mahojiano ya maswali 16. Kikwazo ni muda. Kliniki yenye dakika 10 kwa mgonjwa haitauliza 16, na mafunzo yanayojifanya hayalijui hilo hudharauliwa na wahudumu kabla ya chai ya saa nne. Afadhali kufundisha matatu na kuyazoeza hadi yatoke bila karatasi: chanzo, hofu, na tiba nyingine alizokwisha kutumia. Hili la tatu huharibiwa na sauti. "Umekunywa dawa za kienyeji?" ni shtaka, na jibu lake ni hapana. "Watu wengi hujaribu vitu kadhaa kabla ya kufika hapa; wewe umetumia nini?" hupata jibu la kweli. Kosa jingine ni kuwauliza tu wanaoonekana wageni. Maswali hayo ni ya kila mgonjwa.

Ukalimani ndipo mafunzo mengi hupita haraka, na ndipo watu huumia. Mwaka 1980 huko Florida, familia ya kijana wa miaka 18 ilisema ni "intoxicado", neno ambalo kwa Kihispania cha Kuba huhusu mtu aliyedhuriwa na kitu alichokula au kunywa. Madaktari wakasikia "amelewa dawa", wakatibu hivyo, kumbe damu ilikuwa ikivuja kwenye ubongo. Alipooza mikono na miguu. Hakuna aliyeita mkalimani, kwa kuwa kila upande uliamini umeelewana na mwenzake. Kwa hiyo somo lianze na hapo: mhudumu anayejua maneno machache ya lugha ya mgonjwa ni hatari kuliko asiyejua kabisa.

Mengine ni mazoezi. Kabla ya kuanza, muulize mgonjwa lahaja yake na kama angependa mkalimani mwanamke au mwanamume. Katika jamii ndogo, hakikisha hawafahamiani. Mtazame mgonjwa, si mkalimani. Sema sentensi moja au mbili, kisha nyamaza. Mtoto asitumike kumtafsiria mama yake habari za tumbo la uzazi, hata kama ndiye pekee aliyepo. Kama si dharura, simu ya mkalimani isubiriwe. Mwishoni usiulize "umeelewa?", maana kila mtu huitikia. Sema: "Nataka kujua kama nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani utawaambia dawa hii inatumiwaje?"

Pagumu zaidi ni pale heshima kwa utamaduni inapogongana na maadili ya kazi. Wana wanamfuata daktari mlangoni: baba asiambiwe ni saratani. Upande mmoja husema mgonjwa ana haki ya kujua, basi. Upande wa pili husema familia ndiyo inayoamua, na kumtangazia mzee kifo ni ukatili. Pande zote mbili zinazungumza bila mzee. Jambo la kufundisha ni kumuuliza yeye mapema, kabla majibu hayajatoka: "Wengine hupenda kujua kila kitu, wengine humwachia ndugu. Wewe je?" Akimteua binti yake, kumlazimisha mzee asikilize ni kumvunjia haki ileile tunayodai kuilinda. Asipoulizwa, ukimya wa familia hauhesabiki kuwa ridhaa yake. Wala ulemavu wa akili au uzee haumwondoi mtu kwenye swali hili: sheria ya Uingereza ya 2005 humchukulia kila mtu mzima kuwa anaweza kuamua mpaka ithibitike vinginevyo, na uwezo hupimwa kwa uamuzi mmoja mmoja.

Je, mafunzo haya yanasaidia? Mapitio ya 2014 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za afya, yalipata majaribio matano tu yaliyofaa, na ushahidi wa kuboreka kwa afya za wagonjwa ulikuwa dhaifu. Wapinzani hulishika hilo, na hawakosei wote: dodoso la "umejifunza?" baada ya semina hupandisha alama bila kubadili wodi. Ila sehemu ya kosa ni ya hospitali. Kumfundisha muuguzi kuita mkalimani mahali pasipo na namba ya kumpigia ni kumfundisha kujilaumu. Kipimo kiwe kwenye mafaili: lugha imeandikwa? Waliohitaji mkalimani walimpata wangapi? Dawa ya maumivu ilichukua dakika ngapi, kundi kwa kundi?

Chuo chenye saa nane tu kisizimalize kwa siku moja. Mbili ziende kwenye ngozi, vifaa na kalenda. Mbili kwa maswali matatu. Mbili kwa mkalimani. Na mbili za mwisho, miezi mitatu baadaye, kwa mgonjwa wa kuigiza anayelipwa, kutoka jamii husika, mwenye ruhusa ya kumwambia mwanafunzi alipomuudhi.