Mpasueni kamongo darasani

Mwanafunzi wa biolojia wa Mwanza kufundishwa mabadiliko ya viumbe kwa mchoro wa ubaoni tu ni jambo linaloniuma. Soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, liko hapa hapa mjini.

Mwalimu, nunua sangara na kamongo, uwapasue mbele ya wanafunzi. Ndani ya sangara, chini tu ya uti wa mgongo, watakuta bondo, ule mfuko mweupe wa hewa ambao wanunuzi wanaugombania kwa bei inayoiacha minofu mbali. Sangara anautumia kuelea. Kamongo hana bondo la namna hiyo. Ana mapafu mawili, yenye vyumba vidogo vidogo na mishipa ya damu, na mrija wake unafungukia upande wa chini wa koo, kama wetu. Kamongo mkubwa akizuiwa kupanda juu kuvuta pumzi, anakufa maji.

Darwin, mwanasayansi aliyeeleza mabadiliko ya viumbe, mwaka 1859 aliamini kwamba mapafu yalitokana na bondo. Ushahidi wa leo unaonyesha kinyume: mapafu yalitangulia, na kwa ukoo wa sangara yakageuka kuwa bondo. Kijana akivishika viungo vyote viwili kwa mkono wake, hatalisahau somo hilo.

Halafu aulizwe: kamongo ni ndugu wa karibu wa sato, au wetu? Wengi watajibu sato. Jibu ni sisi. Tawi la sato lilijitenga mapema zaidi. La kamongo na letu yaliachana baadaye, zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Upasue moyo wake uone: chumba cha kupokea damu kimeanza kugawanyika, damu ya mapafu upande wake. Moyo wa sato hauna mgawanyo huo.

Na furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, tusiwasahau. Wana taya la pili kooni, wengine lenye meno mapana ya kusagia konokono, wengine meno membamba kama sindano. Aina zaidi ya 500 zilitokea ziwani humu katika miaka kama 15,000 tu. Sangara, aliyepandikizwa miaka ya 1950 na 1960, alizimaliza nyingi kufikia miaka ya 1980. Kwa hiyo naziomba shule zetu zikusanye furu wanaopatikana leo, ziwahifadhi kwenye spiriti, na kila chupa iandikwe mwalo walikoshushwa na tarehe.