Bibi Hayumo Kwenye Shajara

Juzi tulikaa barazani, Mji wa Kale, Mombasa, kuzungumzia posa ya mpwa wangu. Kijana ni Mdigo wa Likoni, ana kazi yake bandarini, anaswali, hana neno. Ami yangu akakohoa, akaingia ndani, akatoka na shajara ya ukoo. Karatasi imechakaa hadi mikunjo inapitisha mwanga: majina 10 juu ya lake, fulani bin fulani, mpaka kwa mzee asemekanaye alitoka Shirazi, huko Uajemi. "Sisi twajijua," akasema. "Hao je?"

Shajara naipenda, nisidanganye. Lakini nilimfanyia Ami hesabu. Kila mtu ana wazazi 2, mababu na mabibi 4, kisha 8, kisha 16. Ukifika kizazi cha 10 nafasi ni 1,024. Yule mzee wa Shirazi amekalia moja tu. Nusu ya zote ni za wanawake, na karatasini hamna hata mmoja.

Panda mpaka kizazi cha 30, nafasi zapita bilioni moja, na zama hizo dunia nzima haikuwa na watu nusu bilioni. Yaani ni watu walewale wanajirudia. Wapwani tusishangae, sisi tunaooza mabinamu: ambaye wazazi wake ni watoto wa ndugu wawili, ngazi ya tatu ana wazee 6, si 8. Ukienda mbali vya kutosha, ukoo wetu na wa Likoni lazima ukutane, Ami apende asipende.

Akanirudi: "Mbona wamepima mifupa wakakuta Uajemi?" Kweli. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA ya watu 80 wa kale, baadhi yao waliozikwa hapo Mtwapa. Damu ya Uajemi imo, na kuchanganyika kulianza karibu na mwaka 1000. Waliokuwa wakituambia Ushirazi ni majivuno matupu watuombe radhi.

Ila Ami alisoma nusu. Utafiti huohuo ulikuta kwamba wengi wao, zaidi ya nusu ya urithi wao ni wa Kiafrika. Ule upitao kwa mama pekee karibu wote ni wa hapahapa. Uajemi umeingia zaidi kwa baba. Mabaharia walikuja wakaoa, na wake walikuwa na kwao. Hata bila maabara, sikiliza tunavyosema. Kama baba ndiye kila kitu, mbona hatuzungumzi Kiajemi? Ametuachia maneno, "bandari" likiwamo, hiyohiyo anayofanyia kazi yule kijana. Sarufi ni ya bibi, Kibantu kitupu, na Mdigo anaielewa kuliko mtu yeyote wa Shirazi.

Kwa hiyo nasema shajara zetu si za uongo, ni za nusu. Na nusu hiyo ndiyo tunayoitumia kuwafungia watu mlango.

Nikamwuliza Ami: nyanyake mama yenu aliitwa nani? Akatazama kikombe chake cha kahawa. Jibu likatoka ndani, kwa shangazi aliyekuwa akichoma mahamri.

"Jina silijui, sote twalimwita Bibi. Alikuwa Mribe, Mmijikenda kama hao Wadigo. Na nyumba hii mliyokalia baraza lake, ilijengwa kwa ajili yake."

Ami akakunja karatasi. Posa tunaijibu Ijumaa.