Noti Inayochukiwa

Mimi ni mtu wa heshima zangu. Delestaji, ule mgao wa umeme, nimeivumilia. Vumbi la Agosti nimelila. Taksi-bisi ya Katuba naipanda kila asubuhi, konvwayeri anatupanga watano kwenye kiti cha watatu halafu ananiambia "songa kidogo, mukubwa," nami nasonga, ingawa sijui nasonga kwenda wapi. Lakini noti yangu ya dola 20 kuchukiwa hadharani, katikati ya soko la Kenya, hapahapa kwetu Lubumbashi, na mama kambisti, mbadilisha pesa, aliyekalia kiti cha plastiki? Hapo mmenigusa.

Kuipokea hakuipokea. Aliishika kwa ncha za vidole, akaiinua juani. Akaikwaruza kwa kucha kwenye koti la yule mzee Jackson wao aliyechorwa humo, maana noti ya kweli lazima ikwaruze kidogo. Akaikung'uta karibu na sikio, sijui alitaka imwambie nini. Mara uso ukamkunjamana. Pale ukingoni, juu kabisa ya nywele za Jackson, kuna kijipasuko mfano wa mguu wa sisimizi.

"Tata, hii tunaichukia."

Angesema "siitaki" ningeondoka zangu kimya kimya. Lakini tunaichukia! Tena kwa wingi! Walikaa kikao lini? Nikageuka, na kweli makambisti wa miavuli ya jirani wote wanatikisa vichwa, na noti yenyewe hawajaiona.

Nikamweleza kwa utaratibu, kama mtu aliyesoma, kwamba wenye dola yao huko Marekani hata noti iliyoliwa na panya, mradi imebaki zaidi ya nusu, wanaipokea na kuifidia. Akanijibu bila kunitazama: "Basi uwapelekee."

Wakati huohuo anakuja kijana wa kuuza maji na bunda la franka. Jamani! Noti za 500 ambazo wale wachimba almasi waliochorwa hawana tena sura wala almasi. Zimelainika kama kitambaa, zinanuka samaki wa chumvi, moja imebandikwa katikati kwa karatasi ya kipimo cha hospitali. Mama kazipokea kwa mikono miwili, kazihesabu huku analowesha kidole ulimini, ulimini jamani, halafu kazitia kifuani kwa mapenzi yote.

"Mama, na hizo hausikii kinyaa?"

"Kinyaa ya nini? Ile ni feza yetu."

Nikabaki mdomo wazi. Kinyaa ni kitu cha tumbo, kinakupanda chenyewe, hukiamrishi. Huyu mama tumbo lake linasoma uraia wa noti.

Nyuma yangu kulikuwa na mwalimu wa msikitini, mtu mpole, anasubiri zamu yake. Akaingilia kati kunituliza. Akasema kwao kuna haramu, na kuna makuruhi: jambo lisilokatazwa, ila halipendezi, na ukiliacha unapata thawabu. "Noti yako, mukubwa, si haramu. Ni makuruhi tu." Watu wakacheka. Nikamshukuru, ingawa kwa makuruhi sinunui unga.

Ndipo mama akashusha sauti: "Kama unaniachia kwa 15, nakusaidia."

Yaani ananisaidia! Chuki ile yote, kikao kile chote, vichwa vile vyote vilivyotikiswa, vilikuwa na thamani ya dola 5! Kwa 15 anaipenda, anaikunja, anaiweka. Mimi siku zote najua chuki inakaa moyoni, inaoza humo, inazaa kinyongo, watu hawasalimiani mpaka msibani. Kumbe sokoni nayo ina bei ya siku, ukiwahi asubuhi pengine unapunguziwa.

Nikakataa. Nikarudi nyumbani kwa miguu na Jackson wangu mfukoni.

Bibi yangu, yaani mke wangu, kusikia kwamba sikubadilisha, akasema neno moja tu, "nimechukia," akaingia ndani. Hilo halinisumbui. Kwetu mtu akisema hivyo bila kumtaja wa kumchukia, ana hasira tu. Atapika, tena atatia chumvi sawasawa. Akikuambia "nakuchukia," sasa hapo ita wajomba. Kuna dereva wa lori kutoka Dar es Salaam tulimpa malazi alipokwama mpakani Kasumbalesa wiki nzima. Mtoto akamwambia "mama amechukia," maskini akafunga begi usiku. Tulimfuata mpaka barabarani. Huyo yeye neno lake ni kero. Foleni ni kero, vumbi ni kero, mimi nadhani hata mimi nilikuwa kero. Kwao hata serikali ina "kero za Muungano," wanakaa mezani wanazitatua moja moja. Raha iliyoje, kuwa na tatizo linaloweza kuhesabika! Ila vinkubala vyetu, viwavi vilivyokaangwa na vitunguu, alivisikia kinyaa. Hilo bibi yangu hajalisahau.

Na redio nayo kila jioni, umeme ukiwepo: tuepuke matamshi ya chuki. Sawa kabisa, tumeona yanakofikisha watu. Jirani yangu sasa kila bibi yake akianza kufoka anamnyamazisha: "Ee, redio imekataza!" Yule mama naye huwa anamjibu maneno ambayo redio haijafikiria kuyakataza.

Subirini, mlango unagongwa. Ni mwenye nyumba, namjua kwa kukohoa. Na yeye hataki franka, anataka dola, za kichwa kikubwa, zisizokunjwa, utadhani anaenda kuzioa. Mtoto! Kamwambie baba amechukia, leo haongei na mtu. Na ya 20 usiitaje. Hata ya 15 usiitaje.