Sato Huyu Hapimwi kwa Kilo

Jamani, mimi mtu mzima, naishi Mwanza, Mabatini huku juu ya mawe, na cheti changu cha kuzaliwa nimekipata nikiwa na miaka 31, tena kwa kuapa mbele ya wakili. Sasa nyumbani kwangu kuna paka ana karatasi ya ukoo inayomtaja mpaka mama wa bibi yake. Mimi mama wa bibi yangu simjui hata jina.

Paka mwenyewe Msiamu, aina ya paka wenye asili ya Thailand. Mama Neema alikuwa akifanya kazi kwa mzungu mmoja kule Capri Point. Mzungu kahama, paka kabaki, na paka ana mimba. "Baba Neema, atakaa wiki mbili tatu tu." Hizo wiki zikazaa watoto watano.

Walitoka weupe pe, kama vipande vya sabuni. Dukani kwenye mzani wa sukari kila mmoja alikuwa gramu 100 na kidogo. Mama yao ana masikio meusi, pua nyeusi, mkia mweusi, basi nikaanza kuuliza maswali ya kiutu uzima kuhusu baba. Neema, wa darasa la sita, ndiye aliyenisomesha: Msiamu rangi yake inaletwa na ubaridi. Tumboni kuna joto, kwa hiyo anazaliwa mweupe. Akishatoka, zile sehemu zinazopoa haraka, masikio, pua, miguu na mkia, ndizo zinaingia weusi taratibu. Nikamuuliza, "Na mimi je?" Akasema, "Baba, wewe ulipoa kote."

Kosa langu ni kumwachia huyo huyo mtoto kazi ya majina. Nilidhani atasema Simba, Chui, yaishe. Akawapa samaki wa Ziwa Victoria: Sangara, Sato, Furu, Gogogo na Dagaa. Wiki ya pili macho yakafunguka, ya bluu yote, na kila mmoja akaanza kuishi jina lake. Samaki gogogo ukimtoa majini analia. Huyu wangu analia yuko kwenye kanga, kashiba, saa tisa usiku. Na sauti ya Msiamu siyo nyau ya kawaida. Ni sauti ya mtu aliyedhulumiwa kiwanja.

Sangara ndiyo usiseme. Kule ziwani sangara aliletwa miaka ya 1950, akanenepa mpaka kilo 100 na zaidi, furu wa aina nyingi wakapotea. Kwangu, wiki ya sita tu, Sangara alikuwa akimsukuma Furu nje ya sahani kwa makalio. Nikamwambia mke wangu, mama, historia inajirudia humu ndani. Akajibu, "Acha maneno, muongezee Furu minofu."

Minofu! Hapo ndipo roho inaponiuma. Mimi baba mwenye nyumba nala mapanki, yale mabaki ya sangara akishatolewa nyama viwandani, nachokonoa kama fundi saa. Wao minofu, tena ya kuchemsha, imepozwa. Kisa? "Mifupa itawakwama." Koo langu mimi bomba la maji taka.

Na siku nikibahatika kupata sato wa kukaanga, Neema anakaa mbele yangu ananitazama. "Baba, unamla Sato?" Tonge linashuka lenyewe bila kutafunwa.

Jioni anasimama mlangoni kuwaita: "Sato! Dagaa! Njooni!" Majirani wanatoka na mabeseni. Mwanzoni nilikuwa naeleza. Siku hizi nasema wameisha, njoo kesho. Kuna mama mmoja ameshaniachia hela ya dagaa fungu mbili, na sijui nimrudishieje.

Walipofikisha miezi mitatu akaja mteja na gari. Kamtaka Sato pamoja na karatasi yake, kahesabu laki tatu pale kibarazani. Neema akalia, Gogogo akalia, Mama Neema akahesabu upya.

Kesho yake alfajiri hodi. Mama muuza samaki, katoka mwaloni Kirumba, beseni kichwani, jasho linamtiririka kwa kupanda mawe.

"Mwangaluka, Baba Neema. Nimesikia jana umeuza sato mmoja laki tatu, na mnunuzi hata hakuomba kupunguziwa. Mimi ninao humu kumi na wawili, wabichi. Hebu nipigie huyo mtu simu."